Nyaya Mbili za Breki

Mtu aliyezoea chukudu ukimpandisha baiskeli, angalia mguu wake wa kulia. Mteremko ukianza tu, mguu unaacha pedeli na kurudi nyuma kutafuta kipande cha tairi. Si kosa lake. Chukudu ni gari letu la mbao la magurudumu mawili, lile linaloteremsha viazi na makaa kutoka milimani mpaka Goma, na breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, kinasugua, unasimama au husimami. Miaka ya kukanyaga haitoki mwilini kwa siku moja.

Nilikuwa fundi wa baiskeli pale Ndosho, kando ya barabara ya Sake, kibanda cha mabati na benchi moja mbele yake. Sikuwa mtu wa subira, wala sijisifu kwa hilo. Mteja akinunua baiskeli kwangu, sikumwachia aondoke nayo kabla hajanionyesha namna anavyosimama. Kwenda hakuna anayeshindwa. Hata gunia ukilisukuma mteremkoni litakwenda. Siku moja mwanamume mzima, mwenye mabega ya kubeba viazi, alianguka mbele ya kibanda changu mara tatu asubuhi moja.

"Muzee, freni iko wapi?" aliniuliza, bado yuko chini. Freni ndiyo breki, kwa Kiswahili chetu. "Niko natafuta na muguu, siione."

"Freni iko mukononi," nikamwambia. "Hiyo muguu iache ipumuzike. Imetumika ya kutosha."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha nikamfundisha kama nilivyowafundisha wote. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayoangusha. Barabara ikiwa ngumu na kavu, ibane pole pole pamoja na ya nyuma, huku makalio umeyarudisha nyuma ya kiti. Usiikamate kwa ghafla kama unakamata mwizi. Lakini barabara ngumu na kavu Goma ni chache. Sisi tunapita juu ya makoro, mawe meusi ya volkano, na changarawe zake zinaviringika chini ya tairi. Hapo ukibana ya mbele kwa nguvu, gurudumu linakwenda pembeni na wewe unabaki na mchubuko. Hapo ya nyuma ndiyo ifanye kazi, ya mbele iisaidie kidogo. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, na ndani ya kona achia. Mvua ikinyesha, anza kugusa breki mapema ili raba zifute maji kwenye ringi. Na ukiona kizuizi cha askari, hili nililirudia kuliko yote, anza kubana ukiwa mbali. Miaka ile kila kundi lililoshika bunduki lilikuwa na kamba yake barabarani, na mtu anayefika kwenye kamba huku anateleza haulizwi kama breki zake ni mbovu au nzima.

Hayo niliwafundisha watu wengi. Mimi mwenyewe, siku niliyotakiwa kubana, sikubana, na nikasema breki zimekatika. Uongo huo ndio uliokaa kati yangu na mke wangu, yeye Butembo, mimi Goma. Kwa miaka swali langu lilikuwa moja: nikimwambia ukweli atarudi, au ndiyo nitakuwa nimempoteza kabisa?

Mke wangu alikuwa anauza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Tulikaa Majengo, na kila asubuhi nilimpakia kwenye karia ya baiskeli, beseni mapajani, nikampeleka sokoni kabla ya kufungua kibanda. Mungu hakutupa mtoto, ingawa yeye aliniita papa na mimi nilimwita mama. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa ya watu wawili, lakini kwa kelele ungedhani ni ya watu kumi, maana sisi sote tulipenda kubishana. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na mama yake mdogo, mwanamke mwenye magoti mabovu aliyekaa peke yake Mabanga. Kila Jumapili baada ya misa tulikula kwake. Alinikaripia kwa kila kitu, kuanzia kola ya shati mpaka namna ninavyotafuna, na mimi nilimpenda.

Siku mlima wa volkano ulipopasuka, moshi ulionekana tangu asubuhi. Tukafanya kama kawaida yetu, tukabishana. Watu wa Goma tunalala chini ya ule mlima na kila mmoja wetu ni mtaalamu wake. Kufika mchana moto ulikuwa unateremka kuelekea mjini, na ubishi ukaisha. Nilimpandisha mke wangu kwenye karia, kifurushi cha nguo mapajani mwake, tukafuata watu kuelekea Ndosho na Sake. Njia ilijaa magodoro, mbuzi, wagonjwa waliolazwa juu ya chukudu. Hata askari wa waasi, waliokuwa wanatawala mji wakati huo, walikimbia katikati yetu na hakuna aliyewaogopa tena.

Pale Mabanga njia inateremka kidogo. Nilikuwa na vidole viwili juu ya kila mkono wa breki, vile vile ninavyofundisha. Hapo nikamwona mama mdogo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya njia, kitenge cha kijani kichwani, mkono mmoja juu. Hakupunga. Aliuinua tu, akatulia, kama mtu anayesimamisha gari la nyumbani kwake.

"Simama, papa!" mke wangu aliita nyuma yangu. "Ule ni mama mudogo!"

Najua nilichowaza, nimekuwa na muda mwingi wa kukikumbuka. Niliwaza kwamba baiskeli haibebi watu watatu. Nikisimama itabidi nishuke, mke wangu naye ashuke, tumkokote mwanamke mwenye magoti mabovu hatua kwa hatua, na moto uko nyuma yetu. Niliogopa, basi. Sina neno lingine la kuweka hapo. Nikainua vidole kutoka kwenye breki, baiskeli ikaendelea, na tukampita karibu sana, kiasi cha kumwona akifungua mdomo.

"Freni haiko nakamata!" nikapiga kelele. "Zimekatika!"

Nilisikia mke wangu akilishika shati langu kwa nguvu. Kutoka hapo mpaka Ndosho nililazimika kusimamisha baiskeli kwa kuburuta kiatu, kwa sababu nilikuwa nimesema sina breki. Kila watu walipojaa mbele yangu, nikaburuta. Soli ya kiatu kizuri ilikwisha siku ile, na breki nzima kabisa ziko mikononi mwangu.

Kesho yake asubuhi, mke wangu alipokwenda kutafuta maji, nilichukua koleo nikakata waya wa breki ya mbele, kisha wa nyuma. Zilikuwa nyaya mpya, nilizifunga mwenyewe wiki ile ile. Na hapo ndipo nilipokosea kama fundi, achilia mbali kama mtu. Maisha yangu yote ya kazi sijaona nyaya mbili zikikatika kwa mara moja. Mteja angeniletea hadithi hiyo ningemcheka mpaka jioni, na mke wangu alikuwa ameishi na fundi wa baiskeli kwa miaka kumi na mmoja.

Moto ulikata mji vipande viwili. Waliokuwa upande wetu walibaki upande wetu, na wale wengine walivuka mpaka, wakaenda Gisenyi, Rwanda. Nyumba yetu ya Majengo ilifunikwa. Tukahamia ndani ya kibanda, tukalala kati ya magurudumu. Tulisikia kwamba vijana fulani walimbeba mama mdogo kwa zamu kuelekea mpakani. Mawe yalipoanza kuganda, watu wakathubutu kupita juu yake huku viatu vinanuka kuungua, na mke wangu akapita nao. Alikwenda peke yake. Nilitaka kwenda naye, akaniambia nibaki nilinde vyombo, ingawa vyombo vyenyewe havikuwapo.

Alirudi siku ya nne. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akanieleza bila kulia. Alimkuta mama mdogo ameshazikwa. Moshi ulikuwa umeingia kifuani, na alikufa sakafuni katika darasa la shule, katikati ya wanawake asiowajua. Wanawake hao walimwambia kwamba mgonjwa alikuwa na maneno yale yale kila akiamka. Watoto wake walipita na baiskeli lakini hawakumwona. Wangemwona, alikuwa anawaambia, wangesimama.

"Wewe ulimuona?" mke wangu akaniuliza.

"Nilimuona. Lakini freni zilikatika."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyaya zinaning'inia. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Aya." Hakuliuliza tena, wala siku moja hakulirudia kwa hasira, yeye ambaye aliweza kunikumbusha chumvi niliyozidisha miaka mitano iliyopita.

Baada ya wiki chache alipanda lori kwenda Butembo, kukaa matanga na ndugu zake. Alisema mwezi mmoja. Kabla mwezi haujaisha barabara ya kaskazini ikafungwa. Goma ilikuwa na waasi wake, Butembo ilikuwa na wa kwake, na katikati kulikuwa na wenye bunduki ambao hata wao sidhani walijua ni wa nani. Nilishukuru, naliandika kwa aibu. Vita ilinipa sababu ya kumweleza kila aliyeniuliza mke wangu yuko wapi. Lakini barabara ilikuwa inafunguka wiki moja, wiki mbili, kisha inafungwa tena, na katika nafasi hizo wake za watu walirudi. Niliwaona wakishuka kwenye malori na vikapu vyao vya maharagwe. Yeye hakushuka.

Jambo la kwanza nililojifunza nikiwa peke yangu ni kwamba sikujua kubana breki. Nacheka ninapoandika, lakini siku ile sikucheka. Nyaya nilikuwa nimeshafunga nyingine. Nilikuwa nateremka kutoka Majengo, huko nilikokwenda kutazama jiwe lililokuwa nyumba yetu, mwanamke akakatiza na mzigo wa kuni, nikabana mikono yote miwili kama nilivyobana kila siku ya maisha yangu. Nyuma ikanyanyuka. Nikaruka juu ya usukani, nikaangukia uso. Miaka yote mteremko ule nilikuwa naushuka na mtu nyuma yangu. Uzito wake ulishika gurudumu la nyuma chini, na mimi nikadhani ni ufundi wangu. Nilikaa pale juu ya makoro, damu inatiririka kidevuni, na mwanamke wa kuni akinisemesha kwa huruma, na nililia mbele yake. Alidhani ni maumivu. Nilijiosha mwenyewe kibandani, bila kioo, na alama iko hapa mpaka leo.

Majirani walikuwa wananitania. "Fundi," walisema, "tutakuletea kinga zetu, lakini freni tupeleke kwa mwengine." Kinga ni baiskeli. Hadithi ya nyaya zangu mbili ilikuwa imeenea, maana mimi mwenyewe niliisimulia kwa kila mtu, nikidhani nikiisimulia sana itakuwa kweli. Wateja wengine walinihama. Nikakubali kuitwa fundi mbovu kwa kazi niliyoijua kuliko kitu chochote, na nikiwa peke yangu jioni, nikitia sambaza kwenye mafuta, nilijikuta napika wa watu wawili. Niliwala wote. Nilinenepa kwa upweke, watu wakasema nimezoea.

Nilimwandikia barua, nikazipitisha kwa madereva waliozunguka kupitia Uganda. Niliandika habari za bei ya sambaza, na nani amejenga juu ya mawe, na mvua. Alijibu kwa adabu, habari za shamba la ndugu yake na homa ya mtoto wa jirani. Ungezisoma barua zile ungesema ni za watu wawili waliokutana mara moja kwenye arusi. Nilianza nyingine nyingi zenye ukweli, nikazitumia kuwashia jiko.

Kisha siku moja dereva wa lori, mtu wa Butembo aliyekuwa analeta barua zetu, alifika kibandani mikono mitupu. Alikataa kukaa.

"Papa, mama amenituma kwako," alisema, akitazama tairi zangu badala yangu. "Anasema umupatie vitenge vyake, na ile sufuria kubwa. Ndugu yake amemukatia fasi ya kujenga."

"Anajenga?"

"Ndivyo alisema, papa. Miye niko naleta maneno tu."

Kama angenitukana ningejua la kufanya. Mwanamke anayeomba sufuria yake kubwa hakwenda kutembea tu, amehama. Nilifunga vile vitenge tulivyokimbia navyo, nikaosha sufuria tuliyonunua baada ya moto, ingawa ilikuwa safi, nikaviweka karibu na mlango. Dereva alikuwa amesema ataondoka baada ya siku tatu, atavipitia. Siku ya pili sikufungua kibanda. Nilipanda baiskeli mpaka kwa yule mtu aliyekaa na simu chini ya mwavuli, akiwauzia watu dakika za kuongea, na nikasimama kwenye mstari nyuma ya wafanyabiashara wa ndizi.

Zamu yangu ilipofika, nilipiga kwa jirani yake mwenye simu, wakaenda kumwita. Nilisikia kuku, nikasikia hatua. Kisha sauti yake, nyembamba, imezungukwa na mkwaruzo.

"Vitenge umetuma?" aliuliza.

"Bado. Mama, sikia. Ile siku ya volkano. Freni zilikuwa nzima."

"Unasema?"

Laini ilikuwa mbaya. Watu kumi na zaidi walikuwa nyuma yangu, wananisikiliza kwa kukosa kazi nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kunong'ona. Nikapiga kelele.

"Freni! Zilikuwa nzima! Hazikukatika! Ni miye nilizikata, kesho yake, na koleo!"

"Zote mbili?" akasema mmoja kwenye mstari, na mwenzake akamwambia anyamaze.

Nilidhani laini imekufa, nikaita, "Mama? Mama?"

"Niko," alisema. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale. Nilikuwa nyuma yako, papa. Vidole vyako nilikuwa naviona."

Nilitaka kuuliza kwa nini basi hakunisema, kwa nini alinyamaza miaka yote hii na kuniacha nizungumze habari za mvua. Lakini alikuwa ameanza, na mke wangu akianza hakatizwi.

"Kinga ilikuwa naenda pole pole," alisema. "Watu walikuwa wengi, unakumbuka? Hata mutoto angeruka. Miguu yangu haikufungwa. Niliita mara moja, nikashika shati yako nguvu, nikafunga macho. Ni mama yangu, si wako. Wewe hukusimama. Na miye sikuruka."

Nikaigandamiza simu sikioni.

"Wewe ulipata uongo ya kusema," aliendelea. "Miye nilikosa hata huo. Uliposema freni zilikatika, nikaona, aya, unajifunika wewe na miye pamoja. Ndiyo maana sikukuuliza tena."

"Rudi," nikamwambia. Nililisema kwa sauti ile ile ya kelele, sikuweza kuipunguza. "Sufuria sitatuma. Rudi, mama."

Akakohoa, au alicheka, au alilia, kwa laini ile huwezi kujua.

"Nikirudi," alisema, "tutaangaliana namna gani?"

Mwenye simu aliniinulia kidole kuonyesha kwamba dakika zangu zinakwisha, akaniuliza kwa macho kama aongeze. Nikamwambia mwenye simu aongeze. Tukakaa hivyo, yeye huko na mimi huku, namsikia anavyopumua, na watu nyuma yangu hawakunihimiza, mpaka dakika zile nazo zikaisha.